Mbasa wa Kipaimara

Vitalia alimaliza uuguzi mwaka 1994 akapangiwa zahanati ya ufukweni, upande wa Ngumbo. Mkuu wake, mganga Raimundi, alikuwa mtu mkarimu ambaye kijiji kizima kilimwita Daktari. Friji ya chanjo, iliyotumia mafuta ya taa, ndiyo ilikuwa friji pekee kijijini. Mwanawe alipokaribia kupata kipaimara, na wakwe kutoka Litumbandyosi wakitarajiwa, Raimundi alipanga humo mbasa sita, samaki wakubwa waliotoka ziwani jioni ile. Zamani, friji ikipata joto, angesingizia uhaba wa mafuta, lakini mwaka ule maduka ya watu binafsi yalikuwa nayo tele.

Kesho yake, asubuhi ya kliniki, akina mama ishirini walijaa kwenye mabenchi, wengine wameteremka milimani tangu alfajiri. Kwa papara ya mgeni, Vitalia alimchoma mtoto wa kwanza chanjo ya surua, akajaza kadi, ndipo akarudi kwenye friji na kutazama kipimajoto. Nyuzi kumi na sita. Mwisho wa joto la chanjo ni nane.

"Endelea tu, mwanangu," Raimundi alisema taratibu. "Nani atajua?"

"Surua itajua, Daktari."

Aliogopa. Alikuwa na miezi miwili kazini, na bila neno zuri la mkuu wake asingethibitishwa. Hata hivyo alitoka akawaambia akina mama kwamba chanjo imeharibika, warudi baada ya wiki mbili. Samaki hakuwataja, harufu iliwataja. Wakanung'unika, na walikuwa na haki. Kisha akamwita Natalia, mama wa yule mtoto wa kwanza, akafuta maandishi kwenye kadi mbele yake.

"Niliyomchoma haina uhakika. Nilipaswa kuangalia kipimajoto kwanza. Nisamehe, mama."

"Ungenyamaza, nesi, ningejuaje?"

"Usingejua."

Natalia alimfunga mtoto mgongoni akaondoka bila kuaga. Wiki nzima Raimundi hakumsemesha Vitalia, ingawa karamu ilifana na mbasa walisifiwa.

Chanjo mpya ilipofika kutoka Mbinga, Natalia alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Vitalia alikuwa chumba cha pili akipima wajawazito, na sindano alishika Raimundi.

"Shikamoo, Daktari. Naomba kwanza nikione kile kipimajoto."

Natalia kusoma hakujua. Raimundi alikileta, akamsomea: nyuzi tano. Natalia alikitazama kwa muda, mtoto angali mgongoni.

"Ahsante, Daktari," akasema. "Sasa naomba nesi naye aje asome."