Oats za kuoka nilizowamwagia nguruwe, na Krismasi niliyompikia mama wa kambo Njombe

Kamwene wakuu.

Huku Makambako ukungu haujainuka tangu asubuhi na dukani hakuna mteja, nikaona niandike jambo ambalo nimekaa nalo tangu Krismasi iliyopita. Sijaongeza chumvi popote. Pale nilipokwisha kusahau nitasema nimesahau.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nauza spea za malori, nina mke na watoto wawili. Sio mtu wa jikoni kabisa. Ila uzi huu ni wa jikoni, nivumilieni.

Tumekulia Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani. Baba alikuwa fundi seremala. Mama yetu mzazi alifariki nikiwa na miaka tisa, dada yangu Neema akiwa na kumi na mbili. Miaka miwili baadaye baba akaoa mwanamke wa Ludewa, upande wa ziwani, anaitwa Sabina. Kabla ya hapo alikuwa mpishi kwenye hosteli moja ya wageni pale pale mjini.

Najua humu mama wa kambo akitajwa tu watu wanavuta viti wasikie mateso. Niliweke wazi mapema: huyu mama hakuwahi kunipiga hata kofi. Aliyekuwa mbaya ni mimi.

Enzi za mama yetu, asubuhi ya Krismasi ilikuwa maandazi na chai ya maziwa, halafu sweta mpya, halafu kanisani. Kila mwaka hivyo hivyo. Alipofariki, baba alikuwa anatununulia mkate. Tunakula kimya kimya, tunaondoka.

Sasa Krismasi ya kwanza ya mama Sabina, niliamshwa na harufu.

Wakuu, harufu ile sijui niieleze vipi. Mdalasini, karafuu, maziwa yanayoshika pembeni ya sufuria, na mapeasi yanayoiva kwenye sukari. Desemba kwetu mapeasi yapo, tulikuwa na miti miwili nyuma ya nyumba. Nikaifuata hiyo harufu mpaka jiko la nje.

Nikakuta sufuria iko jikoni, imefunikwa bati, na juu ya bati kuna makaa yanawaka. Nilikuwa sijawahi kuona moto unawekwa juu ya chakula.

Akainua bati kwa koleo. Ndani kitu cha rangi ya kahawia kimeumuka, vipande vya mapeasi vinang'aa kwa juu.

"Ni oats, Eze," akasema. "Hosteli tulikuwa tunawapikia wageni asubuhi ya Krismasi. Leo nimewapikia ninyi."

Nikamwambia nataka maandazi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa namtaka mama. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja hajui kulisema hilo, anasema anataka maandazi.

Akanikatia kipande kikubwa, cha kwanza kabisa, akanipa kwenye sahani. Mimi na Neema tulikuwa tumekubaliana tangu jana yake kwamba chochote atakachopika huyu mama hatuli. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye banda la nguruwe, nikamwaga chote.

Kugeuka, mama Sabina amesimama kwenye kona na ndoo ya maganda.

Nikasubiri kelele. Akawaangalia nguruwe wanavyotafuna, akaniangalia mimi.

"Haya," akasema taratibu. "Na kwao ni Krismasi."

Akamwaga maganda yake, akaondoka. Baba hakuambiwa. Kanisani alikaa karibu yangu, na kwa sababu nyimbo zetu za Kilutheri alikuwa bado hajazizoea, kila wimbo ukitajwa ananisogezea kitabu nimtafutie ukurasa. Nilikuwa namtafutia bila kumwangalia usoni.

Zile oats hakupika tena. Mwaka uliofuata tukala maandazi. Baadaye nikajua kwamba alimfuata Neema kumuuliza mama yetu alikuwa anaweka nini kwenye unga. Maandazi kila Krismasi mpaka nilipotoka nyumbani. Nilijiona nimeshinda, ila ushindi wenyewe haukunipa raha hata siku moja.

Turuke miaka.

Baba alifariki mwaka jana. Mama Sabina hakujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumbani Ramadhani alibaki peke yake na kuku wake. Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu nikiwa dukani.

"Eze, mkija Krismasi mje na gari kubwa kidogo. Nikimaliza sikukuu narudi kwetu Ludewa. Vitu vyangu sio vingi."

Nikamuuliza, "Mama, nani kakwambia uondoke?"

"Hakuna aliyeniambia niondoke," akasema. "Ila hakuna aliyeniambia nikae."

Wakuu, mteja alikuwa ananiulizia fan belt ya Fuso, mimi namtazama tu. Maana ni kweli. Tulizika, tukamaliza msiba, kila mtu akarudi kwake. Neema yuko Mdandu anafundisha, mimi niko huku. Hakuna aliyekaa na yule mama akamwambia neno.

Jioni ile nikapita duka la vyakula nikanunua oats. Nilikuwa sijapanga. Ile harufu tu ilinirudia.

Tatizo likaja hapa: kile chakula sikuwahi kukionja! Natafuta kitu kwa pua, baada ya miaka ishirini na saba.

Jaribio la kwanza chini mkaa, juu uji. La pili nikajaza karafuu, mwanangu mdogo akasema kinanuka dawa ya jino. Mke wangu alicheka mpaka akakaa. Akaniambia tumia oven ya jiko letu la gesi, nikakataa. Nilitaka makaa juu ya bati kama nilivyoona.

Nikampigia Neema. Nikamuuliza, ile harufu ya siku ile, zaidi ya mdalasini na karafuu unakumbuka nini?

"Eze, mimi nilikula."

"Ulikula lini?"

"Siku ile ile. Ulivyotoka na sahani yako, mimi nilibaki na yangu. Nikala. Nikaongeza."

Hebu fikirieni. Dada niliyekubaliana naye! Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hii. Akasema, "Ungenichukia. Ulikuwa unamlinda mama yetu. Na mimi nilikuwa namlinda, ila nilikuwa na njaa."

Tulicheka, halafu tukajikuta hatucheki tena. Alipomaliza kupenga kamasi akaniambia: kulikuwa na tangawizi, na sukari ilinyunyiziwa juu mwishoni ikashika kama ganda. Na haikuwa laini kama uji, ilikuwa ya kutafuna.

Jaribio la tatu likatoka. Lilivyonukia, nilirudi kuwa na miaka kumi na moja pale pale nilipochuchumaa.

Tarehe ishirini na nne tukapanda Njombe, familia nzima. Neema na shemeji wakaja kutoka Mdandu. Asubuhi ya Krismasi nikawahi jiko la nje kabla watu hawajaamka, mvua ya rasharasha inapiga bati. Nikachanganya oats, maziwa ya moto, mayai mawili, siagi, mdalasini, tangawizi, karafuu kidogo safari hii. Nikapanga mapeasi juu. Nikafunika, nikaweka makaa.

Baada ya muda nikahisi mtu mlangoni. Mama Sabina, sweta, kitenge begani. Hajanisalimia. Amesimama ananusa.

"Mkaa wa chini umezidi," akasema.

Akachuchumaa, akachukua koleo, akaanza kuhamisha makaa kutoka chini kupeleka juu, moja moja. "Chini acha matatu, manne. Kazi inafanywa na ya juu."

Nikaona nisiposema pale sitasema tena.

"Mama, siku ile niliwamwagia nguruwe. Nisamehe."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na ukaacha kupika kwa sababu yangu."

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Niliacha? Eze, ningepika na nini? Lilikuwa kopo moja. Nilipewa hosteli siku waliyoniaga. Nililitunza miezi mitano nasubiri Krismasi niwapikie. Wakati ule Njombe hii oats ungezipata duka gani?"

Nilikaa chini, wakuu. Miaka yote nilijua nimemkatisha tamaa akaacha. Kumbe alikuwa na kopo moja tu duniani, akalifungua kwa ajili yetu, na kipande cha kwanza akanipa mimi. Mpaka leo sijui kipi ni kizito zaidi.

Akaendelea kupanga makaa. "Iliniuma. Sitakudanganya, siku ile iliniuma sana. Nikajiambia huyu mtoto bado ana msiba, mwache." Halafu akasema, "Zungusha sufuria, upande huo unaungua."

Tulikula watu saba. Neema aliongeza mara mbili bila kujificha. Mimi nilikula taratibu, nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja, kama hali hiyo inawezekana.

Sahani zilipokuwa zinaisha nikasema mbele ya wote: "Mama, tulipomaliza msiba wa baba tulikaa kimya, tulikosea. Hapa ni kwako. Sio kwa sababu ya baba, ni kwa sababu sisi tunataka ukae."

Neema akadakia, "Tunakuomba, mama."

Mama Sabina akafuta sahani kwa kijiko mpaka ikawa nyeupe. Akasema, "Kesho kutwa mnipeleke Ludewa."

Neema akaweka kikombe chini. Mimi nikatazama mezani.

"Nikawasalimie ndugu zangu," akasema. "Wiki tatu zinatosha. Sasa hawa kuku nawaachia nani?"

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka. Jirani akaombwa alishe kuku, na mwishoni mwa Januari mama alikuwa amesharudi Ramadhani.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu anaweza kukulea mpaka ukaota ndevu huku hajui kama unamtaka. Sisi tulidhani anajua. Hakuwa anajua. Neno "kaa" lilitushinda kwa miezi kadhaa, na lingechelewa kidogo tungekuwa tumeshapakia vitanda.

Kama nawe kuna aliyekulea hivyo, mama wa kambo, shangazi, mjomba, yeyote, tueleze hapa chini ulimwambia nini au bado unasitasita.

Na wapishi nawahitaji pia. Mama anasema mapeasi yapangwe juu, Neema anasema yachanganywe humo ndani ndiyo utamu unaenea. Krismasi ijayo wote wanakuja kwangu Makambako na mpishi ni mimi. Nifuate la nani?