Kiti Chenye Mbawa

Amu Zaki, mwenye hoteli ninayofanyia usafi hapa Kandara, Jeddah, ana kichaa chake. Kumbi za harusi za jiji zikifungwa, yeye hununua viti vya maharusi na kuviweka vyumbani: vya dhahabu, vyenye mbawa, vyenye taa miguuni. Vijana huja kupiga picha wakicheka, na jiji zima linaijua hoteli hiyo. Mimi huvifuta vumbi huku nikimlaani kimoyomoyo.

Selipher aliingia Ijumaa asubuhi na mfuko wa plastiki, macho hayatulii. Ni msichana wa Vihiga, mpole kupita kiasi. Alikuwa yaya katika jumba moja la Al-Malqa, Riyadh. Mkataba wake uliisha zamani, lakini madam alishikilia pasipoti na kumwambia, "Mafi safari," hakuna kusafiri. Familia ilipokuja Jeddah likizo, Seli akawaponyoka sokoni. Alihitaji kujificha hadi Jumapili, ubalozi mdogo wa Kenya ufunguliwe, aombe kurudishwa nyumbani. Akipatikana kabla ya hapo, ni jikoni kwa madam tena, au jela kwa utoro.

Kule Al-Malqa hakuruhusiwa kukalia kiti chochote cha sebuleni. Chakula alikula akichuchumaa jikoni. Basi Jumamosi, baada ya kuoga, alikalia kiti cha chumbani mwake, kile chenye mbawa, akajipiga picha na kuiweka stetasi: "Mungu ni mwema. Mama, usiwe na wasiwasi." Sisi Wakenya bwana! Hata tukijificha, lazima tuwaonyeshe watu tumejificha wapi.

"Wee Seli, toa hiyo kitu saa hii!" nilimfokea. "Madam akiona je?"

"Nilishamblock, dada Lois. Yeye, mumewe, hadi dereva."

Nikarudi kufagia ngazi, lakini roho ilikataa kutulia. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilinisimamisha na fagio mkononi.

Mchana simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Lamar, binti wa madam, mtoto aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Seli mwenyewe ndiye aliyemwekea WhatsApp kwenye tableti yake, ili waongee akitumwa dukani. Hakufikiria kumblock. Nani humblock mtoto?

"Seli, umekuwa bibi harusi!" Lamar alisema kwa Kiarabu, akicheka. "Mama anasema usiondoke. Tunakuja kukuona."

Seli aliusikiliza ujumbe huo tena, akitabasamu huku machozi yakimtoka. Nilitaka kumzaba kofi.

"Yalla, ngazi ya nyuma!" nikamvuta.

Tulifika kwenye mlango wa nyuma, nikakishika kitasa, nikasita: mlango huo hulia sana ukifunguliwa. Kule mapokezi tayari tulimsikia madam akiuliza habari za Seli, kwa upole ulionitisha kuliko makelele. Amu Zaki aliapa kwamba chumba chenye kiti kile ni kitupu na hajaona Mwafrika yeyote.  Kisha madam akasema halas, yaani basi, na viatu vyake vikaanza kuelekea nje. Nilipumua.

"Seli!" Lamar akaita kutoka chini ya ngazi ya mbele. "Seli!"

Kwa miaka yote ile, mtoto huyo akiita usiku au mchana, Seli alikuwa akiitika kabla hajajua amefungua mdomo. Nilinyoosha mkono nimzibe.

"Naam, habibti," akaitika.