Ufuta Nilioukaanga kwa Hofu

Mwanangu, ipo siku moja ya kliniki kule Nandagala ambayo hata leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio. Nilikuwa nimeolewa huko kutoka kwetu Mtua, na binti yangu wa kwanza, Zuhura, alikuwa na miezi tisa. Nesi alimweka kwenye mizani, akatazama kadi, akaniuliza:

"Mama Zuhura, mwezi wa pili huu mtoto anapungua. Anakula nini?"

Nikamjibu, uji wa mtama wenye ufuta. Na alikuwa anakula kweli. Hilo ndilo lililonitisha. Anamaliza bakuli, na mbavu zinaonekana. Nesi akampa dawa ya minyoo, akasema turudi mwezi ujao.

Njia nzima nilikuwa nikimgusa kifua nione kama anapumua. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama mkwe wangu, naye akaomba kopo la unga wa ufuta, akaonja, akatema.

"Huu umeukaangaje?"

"Mpaka ukawa mweusi, mama. Mtoto wa jirani aliharisha karibu afe. Niliogopa, nikasema nisibakize uchafu wowote."

"Uchafu umeuua, na chakula umekiua pamoja nao. Mjukuu wangu anakula masizi!"

Nililia, nikasema basi nitausaga mbichi. Akakataa: mbichi ni mchungu, na tumbo la mtoto litahangaika nao. Akaosha ufuta mwingine, akauanika, akapunguza kuni zikabaki mbili. Akautia chunguni, akageuza bila kupumzika. Punje zilipoanza kurukaruka na harufu kutoka, aliumimina haraka kwenye ungo, maana chungu cha moto huendelea kukaanga hata kikiipuliwa.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Siku ya kliniki nilikaa mwisho wa foleni makusudi, naogopa mizani. Mstari kwenye kadi ulikuwa umepanda, kidogo tu. Sijui ilikuwa dawa au ufuta, nadhani vyote.

Kwa hiyo, mwanangu, moto uwe mdogo, mkono usiache kugeuza, na uipue ufuta ungali na rangi ya kahawia nyepesi. Ukiungua, watupie kuku. Mtoto akipungua, usikae nyumbani unajilaumu. Mpeleke kliniki, na waulize waliokutangulia kulea. Mimi niliogopa peke yangu miezi miwili.

Mwenyezi Mungu akukuzie wanao, na akujalie wao ndio wakuzike.