Rangi ya Meneja

Mume wangu alipiga rangi magari kwa miaka thelathini na moja, na pale gereji wengi hawakulijua hata jina lake. Walimwita Jicho. Ukimletea gari lililokwaruzwa ubavuni, hakuuliza namba ya rangi wala hakufunua kitabu cha kiwanda. Alilizunguka mara moja, akautazama mlango wa kivulini na mlango wa juani, kisha akaingia kwenye makopo yake akachanganya. Rangi ikikauka, mwenye gari mwenyewe hakumbuki tena mkwaruzo ulikuwa upande gani. Nilikuwa namtania kwamba anajua weupe wa aina kumi na mbili lakini hajawahi kutakatisha shati jeupe hata moja. Hiyo ya kutakatisha ni kazi yangu. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi hapa hapa nyumbani, na ua wetu una kamba sita za kuanikia.

Kinyonga wetu mume wangu alimtoa kwenye gari bovu lililokaa nyuma ya gereji mwaka mzima, majani yakaota mpaka madirishani. Siku walipoliburuta walipige msasa, mnyama akatokeza juu ya usukani, taratibu, na mafundi wote wakakimbia. Mume wangu akamtia kwenye mfuko wa shati akaja naye. Mimi nilipanda juu ya kiti na pasi yangu mkononi.

"Huyo na mimi hatulali nyumba moja," nikamwambia.

"Basi nitakuombea nafasi kwa jirani," akajibu, wala hakutania sana.

Alimwita Meneja kwa sababu, alisema, anatembea kwa kujivuta, jicho moja linatazama mbele na jingine nyuma, na kutwa nzima hakuna anachofanya. Nikacheka, nikashuka kwenye kiti. Lakini kucheka si kupenda. Binti zetu wawili walikuwa wameolewa na kwenda zao, nyumba imepoa, na mume wangu akirudi jioni alipitia kwanza kwenye pazia la sebuleni kumsalimu Meneja, ndipo anikumbuke mimi. Alimnong'oneza habari za kazi, zile ambazo mimi nikiuliza najibiwa, "Kazi ni kazi." Hivyo hivyo kwa miaka miwili. Nasema wazi, na anayetaka kucheka acheke: mtu mzima na mvi zangu, nilimwonea kinyonga wivu.

Siku ya mkasa wa dirisha ilikuwa ya mvua ya ghafla. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa kambani, nikayakusanya mbio, nikaingia nayo sebuleni mikono imejaa. Upepo ulikuwa unarusha maji ndani, juu ya nguo nilizokwisha kuzipiga pasi. Nikanyoosha mkono nifunge dirisha. Ni dirisha la chuma, zito, na ukitaka lishike lazima ulivute kwa nguvu. Meneja alikuwa kwenye fremu, mguu mmoja wa nyuma ameupitisha nje.

Nilimwona. Nilijua hana haraka, hajawahi kuwa na haraka tangu azaliwe. Nikajiambia atasogea. Nikavuta.

Mume wangu aliporudi alimkuta chini ya pazia, amejikunja, mguu umening'inia. Nikaanza kuapa kabla hata hajaniuliza. "Sikumwona. Haki ya Mungu, baba watoto, sikumwona."

"Nilijua humpendi," akasema. "Sikujua ni kiasi hicho."

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa daktari wa mifugo, tukakaa benchi moja na mbuzi aliyekuwa akiharisha. Daktari, mama mmoja mwenye buti za mpira, alimgeuza Meneja huku na huku, akasema yeye amezoea ng'ombe, ila mfupa ni mfupa. Akamfunga njiti ya kibiriti kwa plasta nyembamba. Akatukabidhi dawa ya matone na bomba la sindano lisilo na sindano, la kumnyweshea maji.

"Huyu hawezi kulia wala kulalamika," akatuambia. "Tazameni rangi yake. Akiwa kijani mchana, yuko salama. Akigeuka kahawia akabaki hivyo kutwa, kidonda kinaoza. Mleteni siku hiyo hiyo, msingoje kesho."

Mume wangu akaitikia mara tatu. Tulipofika nyumbani akamhamishia stoo, akamwekea tawi ndani ya tenga, akaufunga mlango. "Huku usiingie," akaniambia. "Nitamuuguza mwenyewe." Nami kwa kiburi nikajibu, kwani nani kaomba kuingia?

Tukanuniana. Chai nilimwekea mezani bila neno, naye akanywa bila neno. Kila siku aliingia stoo asubuhi kabla ya kazi, na mchana alirudi mbio kutoka gereji kumpa dawa na panzi. Akitoka, alisema kwa sauti, kana kwamba anauambia ukuta, "Kijani." Hilo tu. Siku ya kwanza kijani, ya pili kijani, ya tano kijani. Sikumwitikia, lakini kila nikilisikia neno lile kifua changu kilishuka kidogo. Nilikuwa namwombea mnyama yule apone kuliko nilivyowahi kumwombea binadamu asiye wa damu yangu. Akipona, nilijiambia, kiapo changu kitapona naye.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Jumapili mume wangu hunisaidia kuchambua nguo kwa rangi. Ni desturi ya nyumba yetu tangu binti zetu wakiwa wadogo, na hata tukiwa tumenuniana haivunjiki. Akachambua, mimi nikaloweka. Nilipokuja kusuuza, nikakuta ndani ya beseni la sare za kijani za walinzi kuna kitambaa cha meza chekundu, kipya, kile ambacho hata mtoto anajua kinachuja. Sare ishirini zilikuwa zimeshika madoa ya rangi ya tope.

Nilisimama juu ya beseni. Nikajua ni kisasi. Mtu anayetofautisha weupe wa aina kumi na mbili, leo asione nyekundu kwenye kijani? Amenilipa mguu kwa sare. Nikajikaza kisabuni, sikumwambia kitu. Nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa na hatia moyoni, nikaona, haya, tumelipana.

Siku ya tisa nilipita mlangoni pa stoo na mkaa wa pasi nikasikia harufu. Dobi anajua harufu. Jasho nalijua, maziwa ya mtoto nayajua, na damu iliyolala nguoni naijua. Hii ilikuwa ya nyama inayooza. Asubuhi ile ile mume wangu alikuwa ametoka humo akasema, "Kijani." Nikasukuma mlango.

Meneja alikuwa amelala juu ya tawi, macho yamezama, na mwili mzima ni kahawia ya kukaribia weusi. Mguu umevimba juu ya plasta. Katika maisha yangu sikuwahi kumgusa kinyonga, bibi yangu aliniapisha nisimguse. Nikamchukua kwa mikono miwili. Hakunishika kidole, hakuwa na nguvu hizo. Ndipo nikasikia lango la uani. Mume wangu amerudi kumpa dawa ya mchana.

"Unamuua!" nikapiga kelele. "Unamuua kwa mkono wako halafu lawama ni zangu! Siku tisa unaniambia kijani, kijani gani hiki?"

Hakukasirika kwamba nimeingia. Alisogea, akainama, akamtazama kwa karibu sana, pua yake ikakaribia kumgusa. Kisha akauliza polepole, "Kwani si kijani?"

Ni namna alivyouliza iliyonizindua. Mwongo hujulikana sauti yake, na ile haikuwa sauti ya mwongo. Nilimwekea Meneja mkononi, nikachomoa vibanio viwili vya nguo kwenye aproni yangu, kimoja chekundu, kimoja cha kijani. Nikavishika mbele ya uso wake.

"Nyekundu ni ipi?"

Alivitazama. Akafumba macho, akayafumbua, akavitazama tena.

"Usinipime, mama watoto," akasema. "Tafadhali, usinipime."

Hatukuwa na muda wa kulia. Tulikimbia kwa daktari wa buti za mpira, naye alimkata Meneja mguu siku ile ile. Akatugombeza kama watoto. "Si niliwaambia rangi? Nyinyi watu wazima wawili mnashindwa kutazama rangi?" Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Nikajibu mimi: "Ni kosa langu, daktari. Nilikuwa na nguo nyingi." Uongo ule sikuujutia.

Tulikaa kwenye lile benchi tukingoja, na hapo akanieleza yote. Ilianza miaka miwili nyuma, kijani na nyekundu zikififia pole pole, mpaka zote zikawa kitu kimoja cha majivu. Alikwenda kwa daktari wa macho bila kuniaga. Akaambiwa ni mishipa ya macho, pengine mvuke wa thina ya kuyeyushia rangi aliouvuta miaka yote bila kuziba pua, na kwamba miwani haitasaidia. Tangu siku hiyo alipaka rangi kwa kukariri. Makopo yote yalikuwa na nafasi zake rafuni. Fundi bodi wa pale gereji, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa akikohoa kumwonya kila anapomwona ameshika kopo lisilo lenyewe.

"Kinyonga nilimwambia," akasema. "Wewe nilishindwa. Ungenionaje? Mimi ni Jicho."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mithali hiyo nimewarushia wengi, na siku ile haikunitoka mdomoni. Nilimshika mkono tu. Uchungu ulinipanda, kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, kwa kuwa nilimfanya mwanamume huyu aone ni afadhali kumweleza mnyama.

Jumatatu iliyofuata alikwenda gereji akawaita wote, akawaambia haoni rangi. Wakaangua kicheko. Jicho haoni rangi! Wakadhani ni utani wake wa kila siku, mmoja akamwuliza kama basi anaona mshahara. Fundi bodi ndiye aliyenisimulia: "Shemeji, tulicheka mpaka tukaona amevua ovaroli, anaikunja." Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, amebeba ovaroli hiyo kwapani, akaniomba niifue. Niliifua peke yake, kwenye beseni lake. Madoa ya rangi hayatoki, lakini nilisugua.

Meneja alipona. Kisiki kilifunga, macho yakajaa, akajifunza kupanda kwa miguu mitatu na mkia. Mume wangu alihamia stoo naye, kwa maana hakuwa na pengine pa kwenda asubuhi. Alikaa kwenye kigoda mikono imelala magotini, mtu ambaye sijapata kumwona amekaa saa sita mchana. Nami kila siku niliingia kumtazamia.

"Rangi gani leo?" huniuliza.

"Kijani," nami hujibu.

Sasa, ukweli wa jibu hilo ulikuwa huu. Kabla ya kuingia nilichungulia kwenye ufa wa mlango, na Meneja, akiwa mkononi mwa mume wangu, alikuwa kijani kweli. Nikiingia tu, jicho moja hunigeukia. Halafu giza huanza ubavuni, likatambaa mpaka mkiani, na ndani ya muda mfupi amekuwa kahawia yote. Akija mwanamke wa jirani haikuwa hivyo. Ilikuwa kwangu mimi tu. Na mume wangu, aliyemshika mkononi, alikuwa hajui.

Asubuhi moja aliniambia niketi. Nikaketi juu ya debe la mkaa.

"Nilikudhania vibaya," akasema. "Nimekula chakula chako miaka yote hii, kisha nikakufungia mlango. Mimi ndiye niliyekuwa naficha, halafu nikakuita wewe mbaya. Nisamehe, mke wangu. Ulisema hukumwona, nami ningepaswa kukuamini."

Ningeweza kusema yamepita. Maneno hayo yalikuwa ulimini. Angefurahi, na hakuna mwenye macho ya kunisuta isipokuwa mnyama aliyekuwa mkononi mwake, kahawia nzito kwa hofu.

"Nilimwona," nikasema.

Akanigeuzia uso.

"Nilimwona kabla sijavuta dirisha. Nilijua hawezi kusogea. Nikavuta."

Kidole chake gumba kilikuwa kinampapasa Meneja mgongoni. Kikasimama. Nje, mashuka yalikuwa yanapigwa na upepo kambani, na mimi nilikuwa nazisikia kamba zote sita.

"Yuko rangi gani sasa hivi?" akauliza.

"Kahawia," nikasema. "Kila nikiingia anageuka kahawia. Hicho kijani huwa nakiona mlangoni, kabla sijaingia. Ananijua."

"Toka," akasema.

Nikainuka. Nikatoka. Nikauvuta mlango nyuma yangu, machozi yakinidondoka kwenye aproni, nikiwaza miaka thelathini ya ndoa inavyoweza kwisha kwa neno moja.

"Usifunge." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Uache wazi kidogo. Simama hapo hapo, uniambie."

Nikasimama nje, jicho kwenye ufa. Meneja alibaki kahawia. Kisha rangi ya shingoni ikaanza kufunguka.

"Anageuka," nikasema.

"Kijani kipi?"

Sikujua majina ya kijani. Miaka yote nimezitenganisha nguo kwa kutazama mara moja na kutupa kwenye beseni. Nikatazama, nikatazama tena.

"Cha ndizi iliyobakiza siku mbili iive," nikamwambia. "Shingoni. Tumboni bado."

Akafumba macho. "Endelea," akasema, nami nikaendelea, nikiwa nje ya mlango.