Dushi ya Mama Mwadi

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, mke wangu Kapinga alirudi nyumbani nywele zikichuruzika maji, shingo ikinukia sabuni ya watu wengine, nami nikakaa mezani nikashindwa kumeza bukari, ugali wetu wa huku.

Siku zile Wabelgiji ndio waliokuwa wakitawala, na mimi nilikuwa fundi kijana katika karakana ya mgodi hapa Kolwezi. Tulipewa nyumba mtaa wa Dilala, ya mwisho kabisa juu ya mteremko. Nyumba zote za mstari wetu zilitumia bomba moja, na mpaka maji yatufikie sisi yalikuwa yamechoka. Ulifungua dushi, yakadondoka tone moja moja mpaka povu likakukaukia kichwani. Chini ya mteremko aliishi karani Ilunga na mkewe, Mama Mwadi. Kwao maji yalishuka kwa nguvu, ungeyasikia hata ukipita barabarani. Basi Kapinga akazoea kuchukua taulo kila jioni na kwenda kuoga kwa Mama Mwadi.

Mwanzoni sikusema kitu. Halafu nikaanza kumtazama yule karani. Shati jeupe, kalamu mfukoni, baiskeli yenye taa! Zaidi ya hayo alikuwa mtu wa Kasai kama Kapinga, wakiongea lugha yao na kucheka, huku mimi mtu wa Mutshatsha, mwenyeji wa huku, nimesimama pembeni natabasamu bila kuelewa. Wivu ulinishika. Kazini nilikuwa nafunga nati huku nawaza ile taulo. Usicheke. Mimi huyu unayeniona niliinusa taulo ile kutafuta harufu ya mwanamume. Nilipata harufu ya sabuni tu, na hilo nalo likaniudhi.

Siku moja nilimzuia Kapinga mlangoni.

"Mama, hata leo unaenda kule?"

"Maji ya hapa inatonya tu, baba. Naenda kuoga, narudia."

"Na karani iko?"

Akatupia taulo begani. "Karani iko ku biro, ku kazi yake. Kila siku unaniuliza yeye, yeye tu."

Katika maneno yote hayo nilisikia "yeye" peke yake. Nikaapa kwamba maji yatakuja kwangu, tuone atatafuta nini tena kwa watu.

Karakana ilikuwa na pampu ya mkono, kuukuu, imetupwa nyuma pamoja na vyuma vibovu. Nilimwomba msimamizi, akaniambia niichukue. Nikabadilisha ngozi zake za ndani zinazobana maji, nikaipaka grisi. Sikuthubutu kuiunga kwenye bomba lenyewe, maana ingewanyang'anya maji majirani wote. Niliweka pipa nyuma ya nyumba, likawa linajaa polepole kutoka kwenye bomba letu dhaifu, na pampu ikayavuta maji pipani na kuyasukuma hadi kwenye dushi. Ilikuwa na kasoro moja: lazima mmoja aoge ndani na mwingine asimame nje ya ukuta akivuta mpini. Kwangu haikuwa kasoro. Kapinga angeoga nyumbani kwake, na wa kumpa maji ningekuwa mimi, karani akae na bomba lake.

Jioni ya kwanza Kapinga akaingia, akafunga mlango, nami nikaanza kuvuta. Maji yakapiga sakafu kwa kishindo. Nilijiona mwanamume kuliko wanaume wote wa Dilala, hata nikatamani karani apite na baiskeli yake asikie. Nilivuta mpaka mkono ukafa ganzi, nikaacha kidogo nipumue. Maji yakakatika, na hapo nikamsikia Kapinga analia.

Hakuwa analia kwa sababu ya sabuni. Alilia kutoka tumboni, akiita jina. Sijakuambia, mwanangu, maana hata wakati ule tulikuwa tumejikataza kulisema: tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, hata kutambaa alikuwa hajajua. Mama yangu alikuja kwa treni akamkataza Kapinga kumlilia. Mwanamke kijana akimlilia sana mtoto mchanga, alisema mama, anamfungia njia mtoto anayefuata. Nyumba ikanyamaza. Mimi nikaona kimya kile nikadhani mke wangu amepona.

Kilio kikakatika ghafla. Alikuwa ametambua kwamba maji yamesimama. Nilitaka kugonga mlango, nikaogopa. Nikashika mpini tena, kwa mkono wa kushoto, nikavuta kwa nguvu zote ili maji yapige kelele naye aendelee. Nilivuta mpaka pipa likaisha.

Alitoka macho mekundu, akaketi kizingitini.

"Ndiyo ile ulikuwa unafanya kule kwa Mama Mwadi?" nikamuuliza.

"Kule maji iko na makelele. Mama Mwadi anakaa ku mulango, anazuia batu. Nalia, nanawa uso, narudia."

"Juu ya nini hukuniambia mi?"

"Uliniuliza karani. Habari ya mutoto hukuniuliza hata siku moja."

Unadhani wivu uliniacha pale? Ulitoka kwa karani ukamhamia Mama Mwadi. Nilimwonea wivu mama yule kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamume yeyote, kwa kuwa alikuwa amekaa mlangoni pa kilio cha mke wangu, mahali pangu. Jioni ile nililitaja jina la mtoto wetu kwa sauti. Kapinga akanishika mkono wenye ganzi, tukalia wote wawili pale kizingitini, bila maji ya kutuficha.

Sasa wewe umeoa juzi, na naona umeshaanza kuhesabu mkeo amekaa sokoni muda gani. Nisikilize. Wivu ukikushika, usimuulize alikuwa na nani. Muulize ana nini moyoni, halafu funga mdomo mpaka amalize. Mkifiwa, usimruhusu mtu kukataza kilio nyumbani mwako, hata kama ni mama yako mzazi. Na ukitaka kufunga pampu, ifunge, maji mazuri ni raha, lakini usiyalete nyumbani ili kumzuia mtu asitoke.

Mungu akujalie nyumba ambayo mkeo anaweza kulia bila kujificha, na wewe uwe wa kwanza kumsikia.