Tabaka la Tatu

Aoko alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliishika kuliko alivyozishika zile kumi za kanisani: fundi hamuulizi mteja kwa nini. Mtu akisema kiuno kiongezwe, unaongeza. Akisema gauni la harusi litiwe rangi nyeusi, unatafuta rangi. Kwa utaratibu huo, pale Kisugu, mtaa mmoja wa Kampala, kwenye kibaraza cha mbele ya vyumba vya kupanga, Aoko alikuwa amejua mimba kadhaa kabla ya waume wenyewe, na talaka moja kabla ya mke. Utepe wake wa kupimia, alisema, haujawahi kumdanganya.

Mumewe, Owuor, ndiye aliyemtoa Kisumu kwa ahadi ya duka. Walipofika Kampala Owuor akaliona jiji, akamwona pia mwanamke mmoja wa Kawempe, akaamua jiji lote liko Kawempe. Aoko akabaki na cherehani. Mtoto hawakujaliwa. Waliomhurumia aliwashonea kwa bei ile ile ya wengine.

Kisha akaja Esperance, Mkongomani wa Bukavu, aliyetembeza vitenge begani nyumba kwa nyumba hadi Makindye. Kushona hakujua hata kifungo, lakini kila aliyenunua kitambaa alimwambia, "Fundi ni dada yangu, tuende nikupeleke." Mara ya kwanza ilikuwa maneno ya biashara. Baadaye walikuwa wanakula mchana kwenye sahani moja, na mmoja akichelewa mwingine anafunika chakula.

Mimba ya Esperance utepe uliijua mapema, kama kawaida yake.

"Hii blauzi haifungi," Aoko alisema, "na kosa si la blauzi."

"Sasa weye ni fundi ao ni daktari?" Esperance alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka akamshika mkono. "Dada, huyu mutoto, mama yake wa ubatizo ni weye. Miye sina ndugu hapa. Ndugu yangu ni weye."

Aoko alikata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mkononi. Jioni hiyo hiyo alimwaga gunia la masalio sakafuni.

Fundi yeyote ana gunia kama hilo. Humo mlikuwa na hariri ya gomesi, lile vazi la wanawake wa Buganda lenye mabega yaliyochongoka, iliyobaki baada ya bibi harusi kupungua kwa mawazo. Mlikuwa na sare ya shule iliyofungwa kabla sare hazijachukuliwa, na kitenge cha mbunge aliyeshindwa, ambacho Aoko alikikata kwa uangalifu ili mtoto alalie maua na si uso wa mheshimiwa. Alipanga vipande usiku na kuvipangua asubuhi. Wateja walisubiri. Aliyelalamika aliambiwa kuna kazi ya kanisa.

Blanketi la viraka huwa na uso, mgongo, na kitu chepesi katikati. Aoko alitia katikati tabaka moja la blanketi kuukuu, akamwita Esperance alipapase.

"Ongeza, dada."

Akaongeza la pili.

"Ongeza tena. Baridi itaua mutoto."

"Baridi gani? Hapa ni Kampala, si Limuru. Huyu mtoto unamlea ama unamwoka?"

"Ongeza tu, dada yangu."

Tabaka la tatu lilivunja sindano za cherehani moja baada ya nyingine, kwa hiyo Aoko alilishona kwa mkono, kidole cha kati kimefungwa kitambaa. Hakuuliza kwa nini. Aliwaambia wateja kwamba uzazi wa kwanza humtia mtu woga wa ajabu, na akasema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu.

Ukingo wa upande mmoja aliuacha na bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda. Hapo palikuwa mahali pa jina. Mtoto, msichana, alizaliwa salama, lakini jina lake la ubatizo mama alisema atalitaja siku yenyewe. Aoko angelidarizi jina, kisha aufunge ukingo moja kwa moja. Ubatizo uliahirishwa kwa sababu padri alisafiri. Ukaahirishwa tena kwa sababu Augustin, baba mtoto, hakuwa na viatu. Hatimaye ukapangwa Jumapili. Jumatano ya kabla yake Esperance akaja kulichukua blanketi.

"Nitalifua kidogo, linuke vizuri."

"Ukingo ni bandi tu, usilikamue."

"Si Jumapili utamaliza?" Akamkumbatia. Aoko aliona kumbatio lile ni refu, akadhani ni kwa sababu ya blanketi.

Jumapili alivaa gauni jipya, akanunua mshumaa, akakaa benchi la mbele na wazazi wa ubatizo. Katekista aliita watoto mmoja mmoja. Alipofika mwisho alifunga daftari, akamtazama Aoko na mshumaa wake. "Na wewe, mama, umekuja na nani?"

Alitoka kanisani moja kwa moja hadi mlango wa Esperance. Kufuli lilikuwa geni. Nje, jirani yao Nabangala, muuza mkaa, alikuwa anaanika godoro ambalo Aoko alilijua vizuri, kwa sababu foronya yake aliishona yeye.

"Walienda," alisema Nabangala. "Alhamisi. Kanada, na ndege."

"Nani alienda?"

"Wote. Baba, mama, mtoto. Wewe haukujua?" Alianza kulipiga godoro vumbi ambalo halikuwepo. "Mimi niliuziwa hii. Mama Sadik alichukua sufuria. Yule wa chapati alichukua stuli. Walisema tusiseme."

"Msimwambie nani?"

"Watu, mama. Fitina! Mtu anaandika barua mbaya kule ofisi ya wakimbizi, safari inakufa. Walingoja hiyo safari miaka mingi." Akafikiri, akaona aongeze la kufariji. "Na kuku ilikuwa tamu, ya kuaga. Tulikukumbuka."

Kwa hiyo siri ilikuwa na mpangilio wake. Aliyenunua kitu alijua. Kisugu nzima, kuanzia muuza chapati, ilikuwa imekalia siri hiyo, imeipikia na kuilalia. Aoko peke yake ndiye ambaye hakuuziwa hata kijiko.

Nyumbani aliketi mbele ya cherehani na gauni lake la kanisani. Mteja mwingine yeyote angeomba tabaka la tatu, Aoko angejua mteja huyo anakokwenda kabla ya kukata kitambaa. Kidole cha kati kilikuwa bado na matundu ya sindano. Mshumaa aliutumia wiki hiyo hiyo, umeme ulipokatika.

Ujumbe wa sauti ulifika wakati wa mvua za Novemba, asubuhi, kibaraza kikiwa na mteja.

"Dada Aoko, usinikasirikie. Miye niliogopa. Kuambia weye niliogopa zaidi, sababu weye ungelia, watu wangejua." Nyuma yake mtoto alikuwa anapiga kelele za raha. "Huku baridi ni ya kuua, lakini mutoto anasikia moto muzuri ndani ya ile blanketi, kila mutu anauliza nani alishona. Tulimubatiza Jumapili. Anaitwa Séraphine. Mama mumoja muzee wa kanisa, muzuri sana, alimushika. Sasa dada, ule upande mumoja unafumuka, tabaka za ndani zinatoka. Nifanye aje?"

Aoko alisikiliza mara mbili, ya pili akiwa ameweka simu sikioni. Mshono wenyewe ni rahisi: unakunja ukingo ndani, unapita na uzi maradufu, kwa hatua fupi. Hata asiyejua kifungo angefundishika kwa simu. Alibonyeza mahali pa kurekodi, akakohoa.

"Muulize mama yake wa ubatizo."

Akautuma ujumbe. Akaiweka simu kifudifudi juu ya gunia la masalio, akachukua utepe, akamgeukia mteja, mama mmoja mpole aliyekuwa anasubiri kushonewa sketi.

"Mikono juu. Ulisemaje?"

"Kiuno ukiongeze kidogo tu, fundi."

Utepe ulikuwa tayari umemzunguka.

"Kwa nini?" Aoko aliuliza.