Roshani ya Ghorofa ya Pili

Kwa miaka ishirini na sita Ġuditta Xuereb alikagua hesabu za serikali ya Malta akiwa kwenye meza iliyotazama ukuta wa jirani. Jumba la Ofisi ya Ukaguzi, katikati ya Valletta, lilikuwa na chumba kimoja tu alichokitamani, cha ghorofa ya pili pembeni, chenye roshani ya mbao iliyofungwa vioo na kupakwa rangi ya kijani. Sanamu ya Mtume Paulo hupita chini yake kila Februari, na watu wa roshani hummwagia karatasi nyeupe zilizokatwakatwa hadi mtaa wote unageuka mweupe.

Mama yake, Ċetta, alikuwa ameitazama sikukuu hiyo akiwa barabarani maisha yake yote.

"Miaka yote hiyo unaikagua serikali," alimwambia bintiye, "hata dirisha la maana hujapata?"

Mwenye chumba hicho alipostaafu, Ġuditta alihamishia vyungu vyake viwili vya maua kwenye korido, karibu na mlango ule. Wiki hiyohiyo Bwana Grixti, mkuu wa ofisi, akamkabidhi Melita Bonavia funguo.

Melita alikuwa ameandika kijitabu cha historia ya jumba, na watu wakakipenda. Kilieleza jinsi lilivyojengwa na mkuu mmoja wa mashujaa wa msalaba waliotawala kisiwa zamani, likawa bweni la maofisa wa Kiingereza, kisha likajaa makaratasi ya wakaguzi. Ġuditta alikisoma mara mbili akitafuta kosa. Alipata tarehe moja tu, nayo ilikuwa ya mchapaji.

"Yeye amesoma habari za jumba," alimwambia mwenzake wakila pastizzi za jibini dukani. "Mimi nimelifanyia kazi."

"Una wivu, dada."

"Nina macho."

Macho hayo ndiyo yaliyomwona Melita akiweka kiti cha nyuzi kwenye roshani, akinywea chai yake humo, akipungia watu mkono. Kila kikombe kilimchoma Ġuditta rohoni.

Mwaka huo alipangiwa kukagua majengo ya serikali, na jumba lao lilikuwamo. Siku Melita alipokuwa mahakamani kikazi, Ġuditta aliingia roshanini na penseli. Akachoma ubao wa kwanza, ukagoma. Wa pili ukagoma. Alizunguka roshani nzima hadi nguzo ya kona, na hapo penseli ikazama kama kwenye siagi, unga wa dumuzi ukamwagika viatuni. Akaandika kwamba roshani ina mbao zilizoliwa na haifai kubeba watu. Hakuandika uongo. Zile mbao zilizogoma hakuzitaja.

Alichotaka ni mlango wa roshani ufungwe sikukuu moja, Melita akose. Baadaye nguzo ingebadilishwa, na mambo yangeweza kupangwa upya. Lakini jumba lilikuwa la urithi, na walinzi wa majumba ya kale hawabadilishi nguzo moja. Januari walileta jukwaa la chuma, wakaing'oa roshani nzima, wakaipeleka karakana. Miaka mitatu, walisema, labda minne. Ukutani likabaki tundu lililozibwa kwa mbao mbichi.

Ġuditta alikwenda kwa Grixti kuomba taarifa yake irekebishwe. Mkuu akamtazama juu ya miwani.

"Bibi Xuereb, tangu lini mkaguzi anafuta alichokiona?"

Sikukuu ilipofika alimpeleka mama yake mahali palepale pa zamani, kando ya barabara. Ċetta hakuweza tena kusimama muda mrefu. Umati ulikuwa umebana, bendi ikikaribia, na Ġuditta alikuwa anamshika kiunoni Melita alipojipenyeza na kile kiti cha nyuzi.

"Kaa, mama Ċetta. Kilikuwa chako hata hivyo."

"Ndiyo, uliniahidi," mama akasema, akikaa. Akamgeukia bintiye. "Alinikuta kanisani kabla ya Krismasi, akanialika tutazame wote kutoka juu. Akasema nisikwambie, tukushtukize. Sasa nani aliyesema ile roshani mbovu?"

Ġuditta alifungua mdomo. Taarifa ilikuwa na sahihi yake chini, na Melita ndiye aliyehamishwa chumba kwa sababu ya taarifa hiyo. Alikuwa ameisoma.

"Mafundi, mama," Melita akajibu, bila kumtazama mtu. "Ilikuwa na dumuzi."

Sanamu ikakata kona. Kutoka roshani nyingine zote karatasi zikaanza kumiminika, na Ċetta akainua viganja kama msichana. Ġuditta alisimama nyuma ya kiti akizikodolea macho nywele za Melita, nyeupe kwa karatasi. Neno lile la kumsitiri lilikuwa limemtoka Melita kirahisi, kama salamu. Akamwonea wivu kwa hilo pia, zaidi kuliko alivyowahi kumwonea kwa chumba.